Kibarazani: Askari Anayechezeka

Muhula huu neno lililotushinda halikutoka kwenye diwani wala kwenye riwaya ya mtihani. Limetoka kwenye gemu. Katika gemu za kuigiza uhusika, zile ambazo Wajapani wamezifanya fani yao tangu miaka ya 1980, wahusika ni wa aina mbili. Kuna wale unaokutana nao njiani wakakupa habari za mji na kukuuzia dawa. Halafu kuna wale wanaoingia kwenye kundi lako, ukawa wewe ndiye unayewaamulia wampige nani, wamtibu nani na wavae nini. Hawa wa pili tuliwaita wahusika wanaochezeka. Sarufi haina ugomvi nalo: cheza, chezeka, kauli ya kutendeka, kama vile njia inavyopitika na chai inavyonyweka. Walimu wetu wasingetukata alama.

Tatizo lilianza tulipomfikia mhusika ambaye kazi yake ni polisi. Mwenzetu aliyekulia Morogoro alicheka mpaka akakiweka kikombe chini. Kwao, alisema, askari hachezeki. Naye alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu neno hili kwa watu linaishi zaidi katika ukanushi. Beki yule hachezeki. Mama akikasirika hachezeki. Serikali haichezeki. Ukimwambia mtu kwamba anachezeka umemtukana, umemwambia hana uzito, yeyote anaweza kumfanyia mzaha. Basi ukiandika "askari polisi anayechezeka", ama umeandika jambo lisilowezekana ama umeitukana dola.

Tulijaribu kulikimbia neno. Mmoja akapendekeza "mhusika wa kuendeshwa", tukamwona dereva wa teksi. Mwingine akaleta "mhusika wa kuchezewa", na hilo likawa baya kuliko la kwanza. Mwishowe tukabaki na "anayechezeka", na kadiri tulivyozidi kucheza ndivyo tulivyozidi kuona kwamba Kiswahili kimelitambua jambo ambalo gemu zenyewe zinalizungukazunguka. Ndani ya gemu hizi, ili askari achezeke, lazima kwanza lile linalomfanya asichezeke limwondokee.

Gemu iliyotuleta hapa ni Yakuza: Like a Dragon, ya kampuni ya Sega, iliyotoka Japani Januari 2020 na kufika huku Marekani Novemba mwaka huohuo. Kwa wasioijua, shujaa wake ni Ichiban Kasuga, mhuni wa ngazi ya chini katika genge la Tokyo, aliyefungwa miaka 18 kwa kosa ambalo hakulitenda. Anapotoka gerezani hakuna wa genge lake aliyekuja kumpokea. Anayemsubiri ni polisi, Koichi Adachi, mtu mzima anayekaribia kustaafu. Zamani Adachi alikuwa mpelelezi wa polisi wa mkoa wa Kanagawa. Alishikilia kuchimba mambo ambayo wakubwa hawakutaka yachimbwe, wakamhamishia kituo cha leseni za udereva. Kila aliyekulia Kenya anaijua adhabu hiyo kwa jina la kijiografia: afande amepelekwa Turkana. (Mwenzetu wa Lodwar ametutaka tuandike kwamba Turkana ni kwao, si jela. Tumeandika.)

Baadaye Adachi anafutwa kazi kabisa. Hapo ndipo anapokuwa mwenza wa kweli: ameachwa na jeshi la polisi, analala anapolala mfungwa aliyetoka jela, anakula anachokula Yu Nanba, muuguzi wa zamani asiye na nyumba. Kwenye orodha ya kundi kila mtu ana kazi yake, na gemu imeandika bila haya: huyu ni asiye na makazi, huyu ni mpelelezi. Upelelezi umebaki kuwa kazi yake ingawa hakuna anayemlipa tena. Katika mapambano Adachi anapiga kwa nguvu na kuvumilia kipigo, lakini hana mbio. Mganga wa kundi ni Nanba. Askari akijeruhiwa, anayemwinua ni yule ambaye askari mwingine angemfukuza chini ya daraja.

Turudi kwetu. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunakusanyika katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wa mwanachama mmoja, Inver Grove Heights. Ukitoka Saint Paul unashika Barabara Kuu ya 52 kuelekea kusini, Mto Mississippi ukiwa upande wako wa kushoto mahali ambapo huuoni, mpaka unapoingia mitaa ile ya nyumba zenye gereji pana na theluji iliyosukumwa pembeni. Gemu hii ni ya mtu mmoja, lakini mapigano yake ni ya zamu kwa zamu kama bao, kwa hiyo tulijiwekea utaratibu: kila mmoja ashike mhusika mmoja, na zamu ya mhusika wake ikifika, rimoti apewe yeye. Tunatafsiri maneno kwa sauti tunapoendelea, maana Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za gemu hiyo.

Ichiban alichukuliwa kabla hatujaketi. Nanba alipata wagombea wawili. Adachi hakutakiwa na mtu.

Si kwamba hafai, tumekwisha kusema kwamba anapiga vizuri. Mwenzetu aliyetoka Goma alisema waziwazi kwamba hataki kuwa polisi hata kwa mchezo, na kwamba yeyote aliyepita vizuizi vya barabarani vya huko alikotoka hahitaji kuulizwa sababu. Wa Nairobi alikumbusha Oktoba 2022, Rais Ruto alipokivunja kikosi maalumu cha idara ya upelelezi baada ya miaka ya malalamiko ya watu kupotea na kuuawa. Kikosi hicho kilikuwa cha wapelelezi hasa, watu ambao kazi yao kwenye karatasi ilikuwa kufumbua vifo. Na waliozaliwa hapahapa Minnesota hawakuwa na haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano.

Tarehe 25 Mei 2020, kwenye kona ya Barabara ya 38 na Chicago mjini Minneapolis, George Floyd aliuawa na askari aliyemkandamiza shingo kwa goti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati akishughulikiwa na polisi. Goti halikutajwa. Aliyeivunja taarifa ile alikuwa Darnella Frazier, msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara na kurekodi kwa simu yake. Derek Chauvin alitiwa hatiani tarehe 20 Aprili 2021, na mwaka huo waandaaji wa tuzo za Pulitzer walimtunuku Frazier heshima maalumu. Ukiuliza katika tukio lile mpelelezi alikuwa nani, yaani aliyeona, aliyehifadhi ushahidi na aliyewaonyesha watu, huwezi kumtaja mwenye beji.

Gemu ya Adachi ilifika madukani huku miezi mitano na ushei baada ya siku ile. Ilitengenezwa mapema na watu waliokuwa wakiifikiria Yokohama, si Minneapolis, na tusiibebeshe mzigo wa mji huu. Ila sisi tunaiocheza hapa hatuwezi kuuacha mji mlangoni pamoja na viatu. Usiku mmoja tukirudi, taa za bluu na nyekundu ziliwaka nyuma yetu kwenye ile Barabara ya 52. Gari lililokuwa limejaa ubishi wa nani alimpoteza Nanba likawa kimya. Dereva wetu akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Gari la polisi likatupita, likamfuata mwingine. Ilichukua maili mbili au tatu kabla mtu hajasema neno, na neno lenyewe lilikuwa: hachezeki.

Kuna aliyedai kwamba Adachi ni kisa kimoja tu na hatuwezi kujenga hoja juu ya mzee mmoja. Tukarudi nyuma, tukamkuta Katsuya Suou wa Persona 2: Eternal Punishment, gemu ya kampuni ya Atlus iliyotoka mwaka 2000. Huyu ni mpelelezi kijana, nadhifu, mwenye miwani ya rangi na kichwa kigumu. Hakutaka kuwa polisi. Alitaka kuoka keki. Baba yake alikuwa polisi aliyeharibiwa jina, na mtoto akaiacha ndoto ya jikoni akaingia katika kazi ileile. Katika hadithi anamfuatilia muuaji, na kadiri anavyokaribia anagundua kwamba wakubwa wake mwenyewe wamo katika njama. Kwa hiyo upelelezi wake anaufanya nje ya kituo, akiandamana na Maya Amano, mwandishi wa jarida (jambo ambalo sisi wa jarida tulilipokea kwa vigelegele), na mtu anayejiita Baofu, mwendesha mashtaka wa zamani ambaye sasa anaishi kwa kunasa mazungumzo ya watu na kuyageuza pesa.

Baofu anatupa nafasi ya kulitetea neno moja. Siku hizi "mdukuzi" ni mwizi wa kwenye kompyuta. Lakini kudukua tangu zamani ni kusikiliza kwa siri maneno ya watu, na Baofu ni mdukuzi wa asili, kabla ya intaneti kulichukua neno. Basi katika kundi moja unao kachero na mdukuzi, na kila mmoja anamwona mwenziwe ndiye mhalifu. Ubishi wao ni sehemu tamu kuliko mapigano mengi ya gemu ile, ambayo, tuseme ukweli, ni ya kuchosha.

Lakini kilichotukalisha mpaka saa nane za usiku ni sheria ya mji wao. Katika mji wa Sumaru uvumi hugeuka kuwa kweli. Watu wakianza kusema kwamba duka fulani linauza silaha kwa siri, silaha zinakuwepo. Wahenga walikwisha kusema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Gemu imeichukua methali yetu ikaifanya mitambo. Na anayeeneza uvumi huo kwa malipo ni nani? Ni ofisi ya upelelezi binafsi! Unaingia, unachagua uvumi, unalipa, na wapelelezi wanautawanya mjini. Kwetu mpelelezi hutoka na swali akarudi na habari, pale anatoka na habari akaipanda ili iote. Na Katsuya, aliyefundishwa kwamba ukweli uko mahali ukisubiri kuokotwa, analazimika kusimama mbele ya meza ile akinunua uongo utakaokuwa kweli kesho.

Tulipoizungumza sheria hii mtu akaikumbuka tena ile taarifa ya kwanza ya Mei 2020. Tatizo la kiafya. Kama simu ile isingekuwapo, lisemwalo lingekuwapo.

Kwa haki tumtaje pia Aya Brea wa Parasite Eve ya mwaka 1998, askari mgeni wa polisi wa New York. Yeye hafukuzwi wala hawageuki wakubwa wake, anabaki na beji mpaka mwisho. Wapinzani wetu walishangilia. Ila Aya anacheza peke yake, gemu ile haina kundi. Anaweza kuibaki na beji kwa sababu hakuna mwingine wa kumwangalia kwa jicho la shaka wakati wa kugawana dawa.

Walimu watauliza mbona tunakwenda mbali hivi wakati fasihi yetu ina wapelelezi wake. Hatukuwasahau. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kazi katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, anavuta kiko chake Unguja na kufumbua yanayowashinda wengine, na si polisi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye si polisi. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi wa nchi, mtu wa silaha na ndege, kazi nyingine kabisa. Polisi wa kweli tunaye katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, Inspekta Wingo. Hatudai kwamba orodha yetu imekamilika, lakini inashangaza ni mara ngapi msomaji wa Kiswahili aliyetaka mtu wa kumfuata gizani alipewa raia. Wingo ameandikwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati sare ilikuwa mpya na aliyeivaa alikuwa wa kwetu kwa mara ya kwanza. Tungependa mtu wa shahada ya uzamili aichukue hoja hii, maana sisi tuna insha ya Ijumaa.

Tuje sasa kwenye jina la kazi yenyewe, kwa kuwa ndilo lililokuwa jukumu letu. "Mpelelezi" ndilo la kwanza lililokuja, na ni zuri, lakini ni pana mno. Wale watu wawili waliofichwa na Rahabu kule Yeriko, katika Biblia ya Kiswahili, nao ni wapelelezi, na hawakuwa wakitafuta mwizi. "Jasusi" linakwenda mbali zaidi upande huohuo. "Kachero" ni la magazeti na la mitaani, lina ladha na linamfaa Katsuya, ambaye angelichukia. "Afisa upelelezi" ni la ofisini, ukilitamka unasikia faili likifunguliwa.

Halafu mmoja akaleta neno la bibi yake wa Tanga: askari kanzu. Vijana wengi chumbani hawakuwa wamelisikia. Ni askari asiyevaa sare, aliyevaa kanzu kama watu wengine ili asitambulike, na jina likabaki hata kwa wanaovaa suruali na koti. Tulilipenda mara moja, kisha tukaanza kuliogopa. Kanzu ile inafanya nini? Inamfanya afanane nasi ili atukamate. Ni vazi la kujificha. Adachi naye ameivua sare, anafanana na watu wa chini ya daraja, lakini hajifichi, hana tena pa kurudi kuvaa ile nyingine. Neno moja linawabeba wote wawili: aliyevaa kanzu kwa kazi na aliyebakiwa na kanzu tu.

Kulikuwa na kura. Mpelelezi alipata 4, kachero 3, askari kanzu 6. Lililopita ni askari kanzu, na tayari limeandikwa katika orodha yetu ya maneno iliyobandikwa ukutani, chini ya "asiye na makazi" na juu ya "mhudumu wa baa". Waliopigia kura mpelelezi wameandika kwa penseli pembeni kwamba hawakubali.

Bado kuna swali la namna ya kumwita. Ichiban humwita mzee yule kwa heshima ya Kijapani ya kawaida, ile wanayoipachika mwishoni mwa jina la mtu yeyote. Kwa Kiswahili kuna njia mbili. "Afande Adachi", kwa kuwa kwetu polisi aliyestaafu huitwa afande mpaka kaburini, na wajukuu wa jirani humpigia saluti ya utani. Au "Mzee Adachi", kwa kuwa ana umri huo na ameshatoka jeshini. Wa Tanzania walitaka afande, wakisema neno hilo lina mapenzi ndani yake. Mwenzetu wa Goma alisema akisikia afande hawezi kusikia mapenzi. Kwake neno lile lina mtu aliyeshika bunduki na kunyoosha kiganja. Hili hatukulipigia kura. Tumekubaliana kwamba kila anayeshika rimoti amwite atakavyo zamu yake ikifika.

Na anayeishika rimoti ya Adachi? Kwa majuma mengi ilikuwa ikizunguka, kila mmoja akipiga pigo moja na kuitupa kwa jirani kama kiazi cha moto. Siku hizi anaishika yule wa Goma. Hakutoa maelezo. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpeleka mzee kwenye ofisi ya kutafuta kazi, ile ambayo gemu inaruhusu kila mtu abadilishe kazi yake, na kupita orodha yote taratibu: mlinzi, mwanamuziki, mcheza dansi wa barabarani, mpiga ramli. Akachagua mpishi. Katsuya hakuipata kamwe nafasi hiyo, mtu mmoja akasema. Tangu siku hiyo Mzee Adachi anapigana na sufuria, na Nanba ndiye anayelalamika kwamba kundi limekosa nguvu mbele.

Mkutano ujao ni Jumamosi ya pili, saa kumi jioni, palepale Inver Grove Heights. Wenye magari wawachukue wasio na magari. Neno litakalojadiliwa ni "bosi", yule jitu wa mwisho wa kila ngome, ambalo tunadhani ni rahisi.